Kaa Wenye Rangi Mgongoni

Namba ilikuwa tamu, na Yustina aliifurahia kwa muda kabla haijaanza kumkereketa.

Aliituma mjini yeye mwenyewe: kaa-mkia waliobaki katika kijito cha chini ya kijiji cha Mkuyuni ni wachache mno. Bwana Thobias, mkuu wa mradi, alimpigia simu kumpongeza. Akasema Ijumaa watakutana na wanakijiji, waagane kwa wema, mitego ya mradi ing'olewe ipelekwe kwingine. Kwa binti mwenye stashahada ya uvuvi na miaka miwili tu kazini, kummaliza mdudu yule haikuwa sifa ndogo.

Mdudu mwenyewe hakuwa wa pale. Aliletwa kufugwa bwawani, mvua kubwa ikabomoa kingo, akashuka na maji. Ana magando kama ya kaa na mkia kama wa kamba wa baharini, ndiyo maana wenyeji wakampa jina hilo. Anakula mayai ya perege, anatoboa kingo za mifereji mpaka majaruba ya mpunga yanakauka. Kaa wa mtoni, mwenyeji wa tangu na tangu, alikuwa haonekani tena.

Kuhesabu viumbe wanaojificha matopeni kuna njia yake. Yustina aliwanasa kadhaa, akawapaka rangi nyekundu ya kucha mgongoni, akawaachia. Juma lililofuata akatega tena. Ukikuta wenye rangi wachache kati ya wengi, ujue kijito kimejaa. Ukikuta karibu wote wana rangi, basi waliomo ni hao hao unaowajua. Yeye alikuta karibu wote wana rangi.

Kilichomkereketa ni mashimo. Kila siku kingo zilikuwa na mashimo mapya, tope lake bado bichi. Kama kaa wamekwisha, nani anachimba?

Alishuka kijitoni asubuhi na mapema, akamkuta Bibi Bernadeta ameinama juu ya mtego, anatoa kitu ndani ya kanga yake akitie humo. Kaa-mkia, mgongo mwekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea mtoro wako. Nimemkuta anachimba mfereji wangu. Ningekuwa na roho mbaya, saa hizi ameshaiva."

Yustina alimuuliza, taratibu, kuhusu wale wasio na rangi.

"Hao si hawana mwenyewe?" Bibi alimshangaa. "Hao tunakula. Watamu, hasa kwa nazi."

Yustina aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na bibi akataka kujua kama vyuoni siku hizi wanafundishwa kuwacheka wazee. Lakini Yustina alikuwa anajicheka mwenyewe. Alikulia Mafiga kwa mama Mluguru aliyefunga vitambaa vyekundu miguuni mwa kuku wake. Alijua tangu utotoni kwamba kuku mwenye alama ana mwenyewe: akipotea anarudishwa, na anayemla anatafuta maneno ya mtaa mzima. Sasa ameacha kaa kijitoni wamepakwa rangi, bila kumwambia mtu kwa nini. Watu waungwana wangefanya nini? Waliwarudisha mitegoni, mmoja mmoja, na wasio na alama wakaingia chunguni. Ndiyo maana mitego ilijaa wekundu, na namba yake haikuwa na maana.

Angeweza kunyamaza. Bwana Thobias alikwishawaambia wakubwa wake, na hakuna ambaye angegundua hadi mpunga ukauke. Wazo hilo lilipita kichwani mwake, naye hakulikaribisha.

Ijumaa, katika ofisi ya kijiji, Bwana Thobias alishukuru kwa maneno mengi. Alipofika kwenye mitego, Yustina alisimama.

"Namba niliyotuma si sahihi. Nimeikosea mimi."

Bwana Thobias alimnong'oneza akae, wataongea garini. Hakukaa. Aliwageukia wanakijiji.

"Naomba mnisaidie. Nani juma lile nilipotega mara ya pili alikula kaa-mkia asiye na rangi?"

Kisha Benedikto, katekista, akanyoosha mkono, akieleza kwamba yeye alikula Ijumaa tu, siku ya kutokula nyama, kwa kuwa kaa si nyama. Sauti ikatoka nyuma: "Katekista, na ile sufuria ya Jumanne?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikafungua mikono. Ikanyooka kumi, ikanyooka safu nzima, ikanyooka hadi dirishani.

"Na nani alimrudisha mwenye rangi mtegoni?"

Mikono haikushuka. Ilikuwa ile ile.

Bwana Thobias alianza kuihesabu kwa kidole, akafika katikati ya chumba, akaacha. Akauliza kwa sauti ndogo sasa kaa ni wangapi.

"Sijui," Yustina alisema, na hakusema kwa aibu. "Nitajua nikihesabu upya, na safari hii kila mtu hapa atajua ile rangi ni ya nini. Ila tukiondoa mitego leo, mwakani tutakwenda kuwahesabu mto Ruvu, kijito hiki kinakomwaga maji."

Mzee mmoja aliguna kukubali. Bwana Thobias alipangusa paji la uso, akaitazama mikono ile tena, akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba ya mjini.

"Mitego ibaki," alisema. "Lakini wakubwa utawaambia wewe."

"Nipe."

Akaichukua mkononi mwake. Simu ilianza kuita upande wa pili, na Yustina, akiwa amesimama mbele ya chumba kizima, akakohoa kusafisha koo.