Geji ya Paddy

Sikilizeni, mimi sina ugomvi na pikipiki. Ndiyo inatulisha. Ugomvi wangu ulikuwa na ile geji.

Mume wangu Paddy anabeba abiria hapa Busia, na injini yake ya kwanza ilimfia njiani. Alilia kama aliyefiwa na mjomba. Basi alipopata pikipiki ya pili, akavuka upande wa Kenya akarudi na geji ya joto la oili. Ni kijisaa chenye mshale. Unafungua kifuniko cha oili pale ubavuni mwa injini, unakaza geji mahali pake. Fundi alitaka kumfungia, Paddy akakataa, eti hata yeye ana mikono. Akaifunga uani kwetu Masinya, mimi nimekaa pembeni na tumbo langu. Alipomaliza, chini pakabaki kipete cheusi cha raba.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Hiyo ya ziada. Kiwandani huwa wanaongeza." Akaipangusa kwenye suruali, akanivisha kidoleni. "Vaa hii kwanza. Ya kanisani iko njiani."

Wee, nilifurahi! Nikaenda nayo sokoni, nikaenda nayo ibadani, mpaka vidole vikavimba kwa mimba na pete ikakataa kutoka.

Sasa balaa lenyewe. Geji iko chini, upande wa kulia, karibu na mguu wa dereva, na dereva akiinama kuisoma anaingia chini ya lori. Paddy akaamua abiria ndio wasome. Wanawake wa hapa wote hukaa upande wakitazama kushoto. Yeye akawageuza watazame kulia, uso kwa uso na malori. "Iko ngapi?" anapiga kelele, na abiria anajibu. Ikipita digrii mia na ishirini, anasimama hadi ipoe. Mchungaji Chrispinus alisoma geji kutoka Masinya mpaka mpakani, akashuka amesahau mahubiri yake yote.

Siku uchungu uliponishika, mkunga alinipapasa tumbo akabadilika uso. Mtoto alikuwa amelala kwa upana, kama mgeni aliyechukua kitanda chote.

"Nendeni Tororo akapasuliwe," akamwambia Paddy. "Mkichelewa, unawapoteza wote wawili."

Gari hatukupata. Paddy akanipandisha kwenye pikipiki, na mnadhani alinikalishaje? Nikitazama kulia!

"Daphine, usiache kusoma," akasema. "Hii ikitufia njiani, nitakubeba na nini?"

Tulipouacha mji wa Busia, akauliza iko ngapi. "Mia na ishirini na tano," nikasema, mjinga mimi. Akasimama! Haki ya Mungu, akavua koti akaanza kuipepea injini, na mimi nimeshika kiti nauma lesu, ile kanga niliyojifunga.

"Nipepee mimi, Paddy!"

"Si wewe unayetufikisha. Ni hii."

Nikaapa moyoni kwamba huyu mtu hatasikia tena ukweli kutoka kwangu. Tulipoondoka akauliza, "Iko ngapi?"

"Tisini."

Mshale ulikuwa mia na thelathini.

"Iko ngapi?"

"Tisini! Nimesema tisini!"

"Mbona unalia?"

"Nafurahi! Endesha!"

Mara nikasikia upindo wa lesu umelowa, wa moto moto. Nikajua chupa ya uzazi imepasuka, mtoto anakauka. Nikampiga mgongoni. "Chupa, Paddy! Chupa!" Akakaza mwendo, lakini kuuliza hakuacha. Kila kona, iko ngapi. Mwamba wa Tororo ulipoonekana, mshale ulikuwa umegonga mwisho, na mimi nafumba macho nasema tisini, sauti imekwisha. Nikinyamaza kidogo tu, anauliza tena. Nilimchukia, jamani. Niliona nitakufa nikisoma geji.

Kwenye geti la hospitali, injini ikalia kama sufuria imeanguka, ikafa palepale. Paddy akaisukuma nami nimekaa juu yake, askari anatufokea kwamba pikipiki haziingii, mpaka mlangoni mwa wodi.

Nesi Ariokot akashika lesu yangu, akanusa vidole. "Mama, hii ni oili. Chupa yako bado nzima." Akajaribu kunivua pete, ikagoma, akaibandika plasta juu. Wakanipasua. Akatoka msichana, mzima, na kelele za baba yake.

Jioni Paddy akaja kitandani. Fundi wa pale getini alikuwa amefungua geji, akamwambia raba ya kuzuia oili haimo, na kwa joto lile geji imelegea. Oili yote imemwagika barabarani.

Akatazama kidole changu. Na mimi nikakitazama. Nikavuta pumzi, nilikuwa na matusi ya Kiswahili na ya Kisamia, yote nimeyapanga. Ndipo nikaona suruali yake imekatwa, na mguu wa kulia umefungwa bandeji kutoka goti mpaka kwenye kisigino.

"Nini hiyo?"

"Oili. Ilikuwa inanirukia."

"Tangu wapi?"

"Tangu pale niliposimama kupepea."

Nikautazama ule mguu. Halafu nikamwuliza, "Kwa hiyo ulijua si tisini?"

"Mguu unaungua, Daphine. Nitakosaje kujua?"

"Sasa kuniuliza, kuniuliza njia nzima, ilikuwa ya nini?"

Akashika ile plasta kwenye kidole changu, macho yamemjaa maji. "Wewe uko nyuma, mimi sikuoni. Kila uliposema tisini, nilijua bado uko."

Yale matusi sijui yalikwenda wapi. Dawa ikaanza kunichukua, macho yakajifumba. Nikamsikia ananisogelea, anauliza polepole ili asimwamshe mtoto.

"Daphine. Iko ngapi?"

"Tisini," nikamwambia.