Ndege Iliyojaa ya Jumamosi

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE. Inatangazwa kwa heshima na taadhima ya kwamba Bi. Annah Andati, Mwenyekiti wa Akina Mama, wa nyumba nambari kumi na saba, atapaa kwenda Ulaya mwishoni mwa mwezi huu wa Agosti. Wenye salamu, vifurushi na maswali wafike kwa utaratibu, wakiwa wameoga.

Tangazo hilo lilibandikwa juu ya bomba la maji la mtaa wa Makongeni Jumatatu alfajiri, kwa uji wa ngano badala ya gundi. Kufikia saa nne kuku walikuwa wamedonoa uji wote pamoja na neno "taadhima", na chini ya kilichobaki mtu alikuwa ameandika kwa makaa: NANI AMECHUKUA NDOO YANGU YA BLUU?

Mtunzi wa tangazo alikuwa Ayuma, binti mdogo wa Bi. Annah, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, mahali alipofundishwa Kiingereza cha puani, matumizi ya uma, na namna ya kutoweka kengele ya usafi inapolia. Kati ya elimu hizo tatu, ya kwanza ndiyo ilikuja kumponza.

Habari yenyewe ya safari ilikuwa ya kweli. Dada yake mkubwa, Millicent, alikuwa muuguzi Uingereza na alitarajia mtoto wake wa kwanza wiki ya pili ya Septemba. Alikuwa amemlipia mama yake tiketi huko huko. Mama alitaka mambo mawili tu: afike kabla ya mjukuu, na ashuke kwenye ndege kwa miguu yake mwenyewe. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu Pasaka kwa kusimama kutwa nzima soko la Jericho akiuza nguo za watoto. Daktari alimwambia alipumzishe, naye akamwambia daktari aje basi amuuzie nguo. Sasa alikuwa ameandikiwa kiti cha nyuma, ambako abiria hukunjwa kama shuka, na goti lile halikuwa tayari kukunjwa usiku kucha.

"Nitasimama njiani," alisema Mama.

"Kwenye ndege hakusimamwi njiani," alisema Baba. "Kunahitajika mpango."

Mzee Andati aliposema "mpango", watu wa nyumba hiyo walitafuta pa kukaa. Alikuwa amefanya kazi ya kupanga ratiba za treni miaka thelathini na mmoja. Mfukoni alikuwa na saa ya mnyororo na kijitabu cheusi, na humo aliandika wakati wa kila kitu: maziwa yalifika saa ngapi, mvua ilianza saa ngapi, binti alitumwa mafuta ya taa akarudi saa ngapi na visingizio vingapi. Sasa aliazima kutoka kwa rafiki yake wa mjini kitabu cha ratiba za ndege, kinene kama Biblia ya mimbarani, akakisoma siku tatu kwa rula na penseli. Siku ya nne alivaa koti, akamchukua Ayuma, wakaenda kwenye ofisi ya shirika la ndege.

Karani aliyewapokea aliitwa Nzuki, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mzee, hii ya Alhamisi mliyopewa ni nzuri sana," alisema. "Inakwenda moja kwa moja, na mpaka sasa iko nusu tupu."

"Sitaki iliyo tupu. Nataka iliyojaa."

Nzuki alimtazama Ayuma, labda atafsiri. Ayuma alitazama dari.

"Iliyojaa, mzee?"

"Hadi mlangoni." Baba alifungua kijitabu chake. "Una ndege ya Jumamosi, saa saba mchana, inayozunguka kupitia Cairo. Huku nyuma imejaa?"

Nzuki alibonyeza mashine yake. "Imejaa na kumwagika. Ni wanafunzi wanaorudi vyuoni. Tumeuza hata viti ambavyo havipo."

"Na huko mbele, kwenye viti vipana?"

"Mbele kuna watu wanne."

"Nilijua! Jumamosi wakubwa wako kwenye gofu. Wao husafiri Jumapili jioni ili Jumatatu wawe kazini." Mzee aliegemea kaunta kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Kijana, treni ya Kisumu wakati wa Krismasi, daraja la tatu likijaa, mkaguzi wa tiketi alifanya nini? Alitafuta mama mzima, mwenye adabu, mwenye mguu mbaya, akampeleka daraja la pili. Lakini treni ikiwa nusu tupu, kila mtu alikaa alipoandikiwa. Hakuna anayepandishwa daraja na behewa tupu."

Nzuki aliweka kalamu chini. "Miaka sita niko kwa hii kaunta, sijawahi kuombwa ndege iliyojaa. Lakini mzee, mimi siahidi kitu. Siku kama hiyo kuna wanaobaki chini, na ya kufuata ni Jumamosi nyingine."

"Ndiyo maana Mungu alitupa saa," alisema Baba, na tiketi ikabadilishwa.

Njiani kurudi, Ayuma alimtazama baba yake akitembea kwa hatua zilizopimwa, akiwa ameridhika kabisa na dunia, na wazo likamjia. Wazo baya huwa halimjii mtu wa aina hii polepole. Lilikuja limevaa kabisa, na viatu vimepigwa rangi.

Simu ya pekee katika laini yao ya nyumba ilikuwa ya jirani, Mama Kiarie, fundi wa nguo, ambaye jina lake la ubatizo watu walikuwa wamelisahau na la nyumbani, Waithera, aliitwa na mumewe tu. Kesho yake asubuhi alitokeza kichwa dirishani na futi ya kupimia shingoni.

"Mama Millicent! Ngai! Kujeni haraka, ndege iko kwa simu!"

Baba ndiye aliyekwenda. Alichukua mkono wa simu, akafunga kifungo cha shati.

"Good morning," ilisema sauti nyembamba, ikitokea puani. "Hapa ni Miss Tiffany, Ofisi Kuu ya Viti vya Mbele. Tunamfikiria Mrs. Andati. Lakini abiria wa mbele lazima afanye mazoezi. Kila alasiri akae saa mbili, ule mguu wa kushoto juu ya kigoda, asiinuke hata sufuria ikiungua. Chai aletewe na mwanamume aliyevaa tai. Chakula cha jioni, uma tatu. Ni sheria za kimataif—"

Simu ikakatika. Kwenye kibanda cha simu barabarani, Ofisi Kuu ya Viti vya Mbele ilikuwa imeishiwa na shilingi.

Baba aliandika yote kijitabuni bila kucheka. Alasiri hiyo Mama, ambaye hakuwa amekaa mchana tangu harusi yake, aliketi kwenye kochi na mguu juu ya kigoda, akishika mikono ya kochi kama mtu anayetarajia kutupwa. Mzee Andati aliingia na trei. Shingoni alikuwa na tai ya kijani ya sherehe za reli.

"Chai, madam."

"Andati, sukari iko wapi?"

"Inafuata kwa behewa la nyuma."

Ayuma alikimbilia chumbani akauma mto. Jioni ilikuwa nzuri zaidi. Nyumba ilikuwa na uma mmoja, nao umepinda, hivyo mbili ziliazimwa kwa Mama Kiarie, aliyekuja nazo mwenyewe ili ashuhudie. Mama alipigana na sukuma wiki kwa silaha zote tatu.

"Wacha iende, Mama Millicent," alisema Mama Kiarie. "Hiyo haitaki kwenda Ulaya."

Siku zikapita. Miss Tiffany alipiga simu ya pili, akaamuru kitambaa cha maji moto gotini. Kufikia siku ya nane uvimbe ulikuwa umepungua nusu, na Mama akaanza kupenda chai ya saa kumi. Katika simu ya tatu Tiffany alinogewa, kama waongo wote wanaosikilizwa vizuri, akaongeza jambo ambalo Ayuma hakuwa amelipanga: "Na kiti tumeshampa. Safu ya pili, dirishani."

Jioni hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumwombea msafiri. Mama alisimama akawaeleza juu ya safu ya pili, dirishani. "Nilikuwa naogopa sana," alisema. "Sikuwaambia. Niliogopa nitafika huko nimebebwa, nimpe Millicent kazi ya kuuguza watu wawili." Kisha wakainamisha vichwa, na Tiffany akaombewa kwa jina, azidishiwe moyo wa huruma.

"Amina," alisema Ayuma. Tangu saa hiyo hakusikia tena ladha ya chakula.

Jumamosi walifika uwanja wa ndege saa tatu na nusu asubuhi, wao watatu na Mama Kiarie, pamoja na akina mama kumi na wawili waliobaki nje wakiimba. Mbele ya kaunta kulikuwa na foleni ya wanafunzi na mabegi yao hadi karibu na mlango. Ayuma alisukuma toroli kuelekea huko.

"Wewe, wapi?" alisema Baba. "Kaa."

Akatoa chupa ya chai.

Saa nne wakanywa chai. Saa tano wakanywa tena. Foleni ikasogea, ikafupika, wanafunzi wakapotea ndani mmoja mmoja, kila mmoja na kiti chake. Mzee Andati alitazama saa yake ya mnyororo kwa utulivu wa mtu aliyeko stesheni yake mwenyewe.

"Baba, twende sasa," Ayuma alinong'ona. "Wanafunga saa sita."

"Viti vya nyuma bado havijaisha."

"Si ndiyo sababu twende!"

"Mbona una wasiwasi? Si tuna ahadi ya Tiffany?"

Ayuma alimwangalia mama yake. Mama alikuwa amevaa suti ya buluu aliyoshonewa na Mama Kiarie, mkoba magotini, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya sanduku kama alivyofundishwa, na uso umetulia kabisa. Hakuna Tiffany. Hakuna safu ya pili. Ndege ikiondoka bila yeye, mjukuu angezaliwa huku nyanya yake akinywa chai Makongeni.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili Baba alirudisha kifuniko cha chupa. "Sasa," alisema.

Kwenye kaunta alikuwa Nzuki yule yule, koti ameliweka kando, jasho usoni. Alitazama tiketi, akatazama mashine, akatikisa kichwa.

"Mzee, nilikuambia. Nyuma viti vimekwisha. Kiti cha mwisho kimechukuliwa sasa hivi."

Mama alishika ukingo wa kaunta. Hilo ndilo lililomshinda Ayuma.

"Baba," alisema, na sauti ilitoka bila pua hata kidogo. "Kuhusu yule Tiffany—"

Baba aliinua kidole kimoja, bila kumtazama. "Subiri. Mkaguzi anafikiria."

Nzuki alikuwa kweli anafikiria. Alimtazama yule mama aliyevaa suti ya buluu, akaona alivyosimama kwa mguu mmoja. Alinyanyua simu, akasema maneno machache, akasikiliza, akaiweka chini. Kisha akatoa kadi ya rangi nyingine na kuandika juu yake.

"Mama, utakaa mbele. Uko na nafasi ya kunyoosha huo mguu mpaka London." Akacheka mwenyewe. "Mzee, hii treni yako ya Kisumu ni kali."

"Safu ya ngapi?" aliuliza Mama.

"Ya nne. Upande wa njiani."

"Tiffany alisema ya pili, dirishani," alisema Mama, "lakini si neno. Mwambie nimeshukuru."

"Tiffany gani?" alisema Nzuki.

Mama alikwishageuka kuwakumbatia. Alimpa Ayuma busu la shavu, akamnyooshea Baba tai, akatembea kupita mlango wa wasafiri polepole, kwa miguu yake miwili, bila kushika ukuta. Walimpungia mkono hadi suti ya buluu ikapotea. Mama Kiarie alilia kwa furaha ndani ya futi yake ya kupimia.

Hapo Mzee Andati alitoa kijitabu cheusi, akalowesha kidole, akafungua ukurasa.

"Simu ya kwanza, saa nne na dakika kumi na nne. Ayuma alitoka kununua maziwa saa nne na dakika kumi. Simu ya pili, saa tisa na dakika tano. Ayuma alitoka kununua mafuta ya taa saa tisa na dakika moja. Ya tatu, hali kadhalika. Kutoka mlangoni petu hadi kibanda cha simu, kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, ni dakika nne. Nimetembea mwenyewe kuhakikisha." Alifunga kijitabu. "Na mara zote tatu, shirika zima la ndege liliishiwa na shilingi."

"Ulijua? Na mbona hukusema?"

"Miaka ishirini na saba namwambia mama yako aketi chini. Tiffany alimketisha kwa simu moja. Ningemfuta kazi kwa nini?" Kisha akakunja uso wa kikazi. "Lakini taarifa rasmi sijapokea. Nasikiliza."

Ayuma alisimama wima, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu.

"Mimi ndiye Tiffany, Baba. Simu zote tatu. Kiti cha safu ya pili nilikiongeza tu kwa sababu kilisikika vizuri. Na tangazo la bombani ni langu." Alimtazama Mama Kiarie kwa pembe ya jicho. "Na ile ndoo yake ya bluu, nilisimama juu yake nikibandika. Ikapasuka. Iko nyuma ya bafu."

"Wee Ayuma! Ni wewe!"

"Ni mimi, Mama Kiarie."

Baba aliandika yote, pamoja na saa. Kisha akashika ncha ya ile tai ya kijani.

"Na hii? Sheria ya kimataifa?"

"Hakuna sheria kama hiyo, Baba," alisema Ayuma. "Hiyo nilitaka tu kukuona umeivaa."