Cheti cha Dada Mtu

Karani wa mashindano ya washangiliaji alikitazama cheti cha kuzaliwa, kisha akamtazama binti, mwepesi kama unyoya, yule ambaye wenzake humrusha juu wakishangilia.

"Mama, huyu ana kumi na saba. Kundi la watoto mwisho kumi na nne."

Cheti kilikuwa cha dada mtu, marehemu. Mdogo alipotakiwa kuanza shule, mama aliona cheti kipo ndani, foleni nyingine ya nini? Akamrithisha, jina na miaka.

"Waambie ukweli, mama," binti alinong'ona.

Ukweli gani? Ule utakaomfanya afutwe shuleni?

"Cheti hakina kosa," mama alisema.

Mlangoni, wakiondoka bila kuandikishwa, mama akamwita kwa jina la marehemu. Binti, kwa mazoea, akaitika.