Minazi Sita ya Kasimiri

Nilisikia bombani, Yombo, mwaka tisini na mbili: Kasimiri anasema upande wa minazi wa kiwanja chetu ni wake, kapewa na baba yangu. Aliyesema alikuwa anasuuza ndoo, wala hakuniangalia. Nikarudi na maji yangu, na neno lile nikarudi nalo. Halikunitoka.

Baba yangu, Mzee Nassibu, alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Alianza kabla ya uhuru, akaacha ana miaka sabini na kitu, mabati yalipojaa madukani na watu wakaona makuti ni ushamba. Hata hapo akawa anasuka ya mabanda ya kuku, ilimradi mkono usilale. Alitulea watoto saba, na wa nduguze wanne. Mgeni hakuondoka kwake na njaa. Chakula kisipotosha, yeye ndiye aliyekuwa ameshashiba.

Kasimiri alitoka Songea mwaka sabini na tisa, hana pa kulala. Baba akampa chumba cha uani, akamwambia, "Panda na mnazi, mwanangu, utakufaa uzeeni." Akapanda sita. Kwetu Wazaramo hilo halina maneno: mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe. Baba hakuona haja ya kulisema.

Basi siku ile ya bombani nikamwendea baba. Nilimkuta kibarazani, ukuti miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa mtoza kodi?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Haya, umeniona. Bado mzuri?"

Nikacheka. Akaacha kusuka.

"Una neno, Mwajabu?"

"Sina, baba."

Nilikuwa nalo. Lakini mzazi anakohoa, halafu mtoto amuulize habari za kiwanja, kwetu ni kama kumchimbia kaburi. Nikamwachia samaki, nikaenda zangu. Nilikwenda hivyo mara nne.

Alifariki mwezi wa Rajabu, mwaka tisini na nne. Kasimiri alibeba jeneza, akalia kuliko kaka zangu. Arobaini ilipopita, kaka Badru akaanza kuchimba msingi upande wa minazi. Kasimiri akamzuia.

"Braza, hapo sipo. Mzee alinipa."

"Alikuruhusu kupanda tu."

"Kwetu mtu hapewi mti bila mahali pake."

Tukaenda kwa mjumbe. Akauliza nani alimsikia mzee akitenganisha mti na ardhi. Mama akasema, "Mwenye kujua tumemzika."

Kasimiri hakusema uongo, ndivyo alivyoelewa miaka yote. Kiwanja kikakatwa. Jiko na choo cha mama vikaangukia kwa Kasimiri. Badru akabaki na vyumba vya mbele, mama akahamia kwangu Manzese, chumba kimoja na sie watano. Kila asubuhi anauliza kama minazi imezaa.

Suhaib na Nusaiba, wanangu, nyie mnasoma kuliko mie. Yaepukeni haya:

Kumpa mtu pa kupanda mti bila mashahidi wawili, hata awe mwema.

Kusikia neno bombani mkanyamaza.

Kuogopa kuniuliza nikiwa hai. Niulizeni hata kama nakohoa.

Kusema babu yenu aliponzwa na ukarimu.

Kupita mlangoni kwa Kasimiri bila kumwamkia.