Alama Mbili, Muhuri Mmoja

Haya alinieleza Itsuko mwenyewe, jirani yangu wa nyumba ya pili, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, tulipokuwa barazani kwake tukifunga figili kwa kamba ili zikauke. Alizungumza kwa sauti ya chini, maana mama mkwe wake alikuwa ndani, nyuma ya mlango wa karatasi, na masikio ya yule bibi bado yako kazini. Nayaandika kama nilivyoyasikia, sikutia chumvi.

Itsuko Shigeno ni mjane wa miaka hamsini na saba. Alipika katika jiko la shule ya kijiji chetu miaka ishirini na sita, mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Siku ya mwisho alisugua masufuria yote makubwa, akayafunika, akarudisha funguo, akaja nyumbani akakaa. Alikaa miezi minne. Ndipo akaona tangazo la shirika moja linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje. Walitaka mpishi wa kwenda Laos miaka miwili, akawafundishe akina mama wa huko kupikia shule nzima. Itsuko akajaza fomu, akaitwa, akahojiwa, akapita. Yakabaki mafunzo ya majuma matano mlimani, na karatasi moja ya ridhaa ya familia.

Karatasi hiyo ilitaka alama mbili za muhuri, ambao kwetu Japani ndio saini ya mtu, moja yake na moja ya mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba ni Mama Toyo, mama wa marehemu mumewe, miaka themanini na tatu. Wanaishi wawili tu. Itsuko alifungua droo iliyo chini ya picha ya marehemu, akatoa muhuri wa nyumba, akaubonyeza kwenye wino mwekundu, akagonga penye jina lake. Kisha akagonga penye jina la Mama Toyo. Bibi alikuwa chumba cha pili akitazama mieleka kwenye televisheni na kuwatukana wanaoanguka upesi.

Kwa nini hakumwomba? Si kwamba Mama Toyo ni mtu wa kelele. Ni kwamba katika miaka thelathini na moja ya kukaa nyumba ile, Itsuko hakuwahi kumwomba kitu. Akipewa alipokea, akiagizwa alifanya. Kuomba hakujua kunaanzia wapi. Basi akamwambia bibi anakwenda kozi ya upishi, na moyoni akajiambia ukweli atausema mafunzo yakiisha. Wifi yake Tamiko akaja kukaa na mama yake.

Majuma matatu yalikwenda vizuri. Kituo kilikuwa hoteli ya zamani ya watelezaji theluji, na wanafunzi walikuwa thelathini, wengi wao watu wazima. Alfajiri mazoezi ya viungo, asubuhi Kilao, lugha ya Laos, mchana namna ya kuchemsha maji na kujikinga na mbu, jioni Kilao tena. Chumbani alilala na Chikage, mwanamke wa bustani za tufaha, mdomo wake haujui likizo.

"Dada Itsuko, sema tena habari ya asubuhi."

Itsuko akasema.

"Ehee. Watu wa Laos watadhani umebanwa kidole na mlango."

"Na wewe je? Mwalimu jana alikuziba mdomo kwa mkono."

"Alinionea wivu tu."

Walicheka hivyo kila siku. Itsuko aliniambia hakuwahi kucheka kiasi kile tangu azikwe mumewe, na hilo nalo lilimtia hofu, kama mtu anayekula chakula cha mwenziwe.

Jumatano ya juma la nne akaitwa ofisini. Bwana Minowa, karani, kijana mpole wa kukunja mabega, alikuwa ameiweka ile karatasi mezani na kuielekeza kwake kwa mikono miwili.

"Samahani sana kukusumbua, Bi. Shigeno. Ni jambo dogo. Alama hizi mbili..." Akaweka ncha ya kalamu hewani juu ya moja, kisha juu ya nyingine. "Zote zina pengo ukingoni, hapa kushoto chini."

Itsuko akatazama. Muhuri ule uliwahi kuanguka kwenye sakafu ya jiko, ukamegeka. Watu wawili, mihuri miwili. Hata mtoto wa shule anajua. Yeye siku ya kugonga masikio yake yote yalikuwa kwenye televisheni, asije bibi akaizima, wala hilo halikumjia kichwani.

"Hutokea sana majumbani," Bwana Minowa akasema upesi, maana aliona uso wa mwenzake umebadilika. "Mtu anachukua uliopo karibu. Basi Jumamosi ni siku ya familia. Mama Shigeno akija, agonge upya na muhuri wake, nami nitafuta huu. Barua za mwaliko nilizituma Jumatatu."

"Zimekwenda nyumbani?"

"Zimekwenda kwa kila aliyetia ridhaa. Tunawashukuru."

Itsuko akainama, akasema ahsante, akatoka. Mwisho wa korido akakaa kwenye ngazi mpaka kengele ya chakula ikalia.

Usiku alimweleza Chikage yote. Chikage akainuka, akakaa kitako. Kisha akasema, "Mbona rahisi. Mjini kuna duka la vitu vya bei ya chini, mihuri ya majina tayari imetundikwa kama vifungo vya nguo. Jina lenu halikosekani. Kesho mchana tuko huru. Nunua, gonga, mwambie Minowa mama ameutuma kwa posta, ni mgonjwa hawezi kuja."

"Niseme ni mgonjwa?"

"Mafua basi. Mafua si dhambi."

Alhamisi Itsuko akashuka mjini. Kweli, mihuri ilikuwa imepangwa kwenye kigurudumu cha kuzungusha, nao wa Shigeno ulikuwepo, mmoja tu. Akaununua, akautia mfukoni. Aliporudi alipita mbele ya ofisi mara mbili, na mara zote mbili Bwana Minowa alimwinamia kwa heshima na yeye akapita. Jioni simu ikalia.

"Wifi," ilikuwa Tamiko, "huko kuna nini? Barua imefika leo asubuhi. Mama ameisoma mara tatu kwa kioo chake cha kukuzia, ameikunja, ameitia kifuani. Nikimuuliza ananiambia nikaangalie sufuria."

Itsuko akaihamishia simu sikio la pili.

"Na ameniambia nimtolee kimono ya kijivu."

"Ile ya mazishi?"

"Hapana, ile ya kwendea harusi za watu. Wifi, anakuja huko. Nimesema nitamleta kwa gari, amesema naendesha kama nafukuzwa na polisi. Anakuja kwa treni. Peke yake!"

Alhamisi hakulala. Ijumaa hakulala. Alikuwa na muhuri mpya mfukoni. Kama bibi angekataa mbele ya watu, Laos ingekwisha palepale, na aibu ingebaki. Kama angekubali, basi angekubali kitu alichokwisha kuibiwa.

Jumamosi saa tano basi likasimama mbele ya kituo. Mama Toyo akateremka wa mwisho, amejinyoosha ndani ya kimono yake, mkononi kifurushi cha kitambaa cha zambarau. Itsuko akamkimbilia.

"Mama, umechoka. Nipe nibebe."

"Kimeletwa na mimi, nitakifikisha mimi." Akamtazama juu mpaka chini. "Umenenepa. Wanakulisha."

Hakusema zaidi. Waliingia ukumbini, wakakaa kwenye meza ndefu pamoja na Chikage na mume wake, wakala tambi na mboga za kukaanga. Mama Toyo alifungua kifurushi. Alikuwa ametengeneza matonge ya wali ishirini, akawagawia watu asiowajua. "Chumvi nimezidisha," alisema, "mkono wangu siku hizi haupimi." Mume wa Chikage alikula matatu. Itsuko tonge lake alilirudisha sahanini.

Ndipo Bwana Minowa akaja, akapiga magoti kando ya bibi, akaweka karatasi na wino.

"Mama Shigeno, tunakushukuru kwa kutupatia Bi. Itsuko. Kuna kosa dogo la muhuri, naamini umeelezwa. Tafadhali gonga hapa na muhuri wako."

Mama Toyo akatoa kioo chake. Akaisoma karatasi yote tangu juu, bila haraka, watu wakimngoja. Alipofika penye jina lake akalitazama muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kwenye mshipi wa kimono, akatoa muhuri wa nyumba, akauweka mezani.

"Muhuri ndio huu. Nilizigonga mimi, zote mbili. Nyumba yetu ina muhuri mmoja."

"Ah!" Bwana Minowa akavuta pumzi, akacheka kwa kufarijika. "Nilijua tu. Basi kanuni inataka mwingine, wowote ule. Ofisini hatuna wa jina lenu, lakini..."

Chikage akamgusa Itsuko kwa kiwiko. "Utoe," akanong'ona. "Si unao? Utoe!"

Itsuko akatia mkono mfukoni. Aliniambia alikuwa tayari ameushika. Akainua macho, akamwona Mama Toyo anamtazama, mgongo umenyooka, mwanamke ambaye kijijini hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo hata wa salamu. Ametoka alfajiri, amebadili treni mara mbili, amekuja kudanganya mbele ya wageni kwa ajili yake.

"Bwana Minowa," Itsuko akasema, "Mama hakugonga. Niligonga mimi zote mbili. Alikuwa hajui lolote mpaka barua yako ilipomfikia."

Mume wa Chikage akabaki na tonge hewani.

"Mjinga wewe," Mama Toyo akasema taratibu. "Mimi nimekwisha kujichafua, na wewe unajichafua tena. Sasa tuko wachafu wawili."

Mkuu wa kituo, mama mmoja aitwaye Sonobe, aliwaita chemba. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema kundi lile litaondoka bila Bi. Shigeno. Alisema majira ya kuchipua kutakuwa na kundi jingine, na mlango haujafungwa, ila ridhaa ya safari hiyo ataisikia yeye mwenyewe kwa masikio yake. Kisha akasema wapumzike chumba cha wageni, kwa kuwa basi la kurudi ni kesho, na bibi amesafiri mbali.

Chumba kilikuwa cha ukubwa wa mikeka sita, dirisha linatazama misitu iliyokwisha kuwa myekundu. Itsuko alitandika godoro, akamfungulia bibi mshipi, akaikunja kimono. Ilikuwa saa tisa mchana. Upande wa pili wa ukuta wenzake walikuwa wanasoma Kilao kwa sauti moja, na sauti ya Chikage ilikuwa juu ya zote.

Mama Toyo akakaa juu ya godoro na nguo yake ya ndani, mdogo kama mtoto.

"Ungeniomba ningekataa," akasema.

"Najua, Mama."

"Hujui. Hukuniomba. Ulijijibu mwenyewe kwa mdomo wangu." Akapangusa kioo chake kwa pindo la nguo. "Haya, niombe sasa."

Itsuko akapiga magoti, akaweka viganja juu ya mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa.

"Mama, naomba ruhusa yako niende Laos miaka miwili."

"Sitaki."

Wale wa upande wa pili walikuwa wanahesabu, moja mpaka kumi, na kurudia.

"Tamiko hawezi kunikata kucha," Mama Toyo akaendelea. "Anakata mpaka kwenye nyama. Anatia sukari kwenye mchuzi. Akiongea na simu anasahau kama nipo. Na miaka miwili, mimi nina themanini na tatu. Umepiga hesabu?"

"Nilipiga, Mama."

"Lini?"

"Kila siku. Ndiyo maana sikuweza kukuomba."

Bibi akamtazama. Itsuko alidhani atalia au atamrushia kile kioo. Hakufanya hivyo. Alilala ubavu, akaugeukia ukuta, akajivutia blanketi.

"Majira ya kuchipua utaomba tena?" akauliza akiwa amempa mgongo.

Itsuko aliniambia kwamba maisha yake yote angesema "kama Mama atakavyo", na neno hilo lilikuwa limekwisha kufika ulimini.

"Nitaomba," akasema. "Nitakuomba wewe kwanza."

"Na nikisema sitaki?"

"Nitaomba tena kesho yake."

"Mh," akasema Mama Toyo. "Mbishi. Miaka yote hii nimekaa na mbishi sijui." Akasogeza miguu chini ya blanketi. "Sikuahidi kitu. Usije ukasema niliahidi."

"Sitasema."

"Funga dirisha, kuna upepo."

Itsuko akafunga dirisha. Aliporudi, pumzi ya bibi ilikuwa imekwisha kuwa nzito, inakwama kidogo na kuendelea, kama kawaida yake. Itsuko alikaa kando akiihesabu pumzi ile, hakujua anaihesabia nini. Kundi lake lilikuwa linasoma maneno ya sokoni sasa, ambayo yeye hatayahitaji mwaka huu. Akajilaza palepale kwenye mkeka bila godoro, mkono chini ya kichwa, akisema anyooshe viungo kidogo tu. Usingizi wa siku mbili alizokesha ukamwangukia kwa pamoja, akalala.