Herufi za Bluu

Wenye mihuri walipotoa amri kwamba kila injini ya boti iwe na nembo inayosomeka, na rangi zake ziwe zilezile ilizotoka nazo kiwandani, mvushaji mmoja pale kivukoni nusura apasuke. Watu walimwita Kibiriti, na hajawahi kuuliza kwa nini.

"Boti inasukumwa na propela au na maandishi?" alifoka. "Ngazi ya abiria imeoza, hawaioni. Wameona plastiki!"

Injini yake ilikuwa kongwe kuliko mkaguzi mwenyewe. Nembo ilikuwa kipande cha plastiki nyekundu, ukubwa wa kiganja, chenye herufi zilizoinuka. Herufi hizo zilitakiwa ziwe nyeupe. Zake zilikuwa za bluu, kwa sababu nyeupe ilipobabuka yote, marehemu mkewe alichukua rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa jikoni, akazipitia moja moja huku akimtania mumewe kwamba sasa injini yake imeolewa na mlango. Mlango wenyewe ulishaliwa na mchwa. Mkono wa marehemu ulibaki kwenye herufi zile tu, na sasa plastiki ilikuwa imepasuka katikati, inalegalega kama jino la mtoto.

Lakini injini hiyo ndiyo iliyomlisha, na bila alama ya ukaguzi hakuna kuvusha abiria kwa injini. Basi akapanga lake. Angechukua umbo la nembo kwa silikoni, ile ya kuzibia madirisha, kisha amimine humo gundi ya faiba, ile ya kuzibia matundu ya boti, iliyochanganywa na rangi nyekundu. Ikiganda, apake herufi nyeupe, awape wenye mihuri nembo yao. Ile ya mkewe ingekaa ndani juu ya kabati, asiiguse mtu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta uani amepinda mgongo, anabwata peke yake.

"Shemeji, leo unamtukana nani?"

"Mkaguzi."

"Yuko wapi?"

"Ofisini kwake, chini ya feni."

"Basi ongeza sauti, feni inapiga kelele."

Silikoni ilikuwa imeshakauka. Kibiriti akashika nembo kwa ncha za vidole, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, ikalia kama plasta inayobanduliwa kwenye nywele, kisha ikatoka vipande vitatu, vitupu. Rangi yote ya bluu ilikuwa imebaki kwenye silikoni.

"Hukuipaka mafuta kwanza?" shemeji aliuliza taratibu.

Kopo la mafuta ya kujipaka lilikuwa kando ya goti lake, halijafunguliwa. Mikono ilikuwa uani, akili yote iko ofisini inagombana.

"Hawa watu," alisema, "hawa watu wataniua."

"Hao watu ndio waliosahau mafuta?"

"Shemeji, niache!"

Alimimina gundi ya faiba ilimradi tu amemimina. Ilipoganda akaibandua, akaigeuza kwenye mwanga. Nembo mpya ilikuwa nzima, nyekundu, na ile bluu ilikuwa imehamia juu yake herufi kwa herufi. Hata unywele wa brashi ulionasa kwenye herufi ya mwisho ulikuwapo, na pale mkono wa mkewe ulipoteleza ukavuka ukingo.

Shemeji aliinama kutazama. "Dada alikuwa hajui kupaka, jamani." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, sasa weka nyeupe. Kesho wanakuja."

Kibiriti alichovya brashi kwenye rangi nyeupe. Akaishika juu ya herufi ya kwanza mpaka rangi ikakaukia kwenye brashi.

Kesho yake mkaguzi alipita kivukoni na simu sikioni. "Inasomeka?" aliuliza, macho yakiwa kwingine.

"Inasomeka, mheshimiwa," shemeji aliwahi kujibu.

Mkaguzi akabandika alama, akaenda zake. Shemeji akashusha pumzi. Kibiriti akapandisha zake.

"Hebu rudi hapa!"

Shemeji alimkanyaga mguu. Haikusaidia.

"Nimevunja nembo ya marehemu kwa ajili ya amri yenu, halafu hata kuitazama huitazami?"

Mkaguzi alirudi, akakata simu, akatazama. Safari hii alitazama kwelikweli.

"Mbona bluu, mzee?"

Kibiriti akaifuta nembo kwa pindo la shati.

"Weka nyeupe tu, kazi ndogo hiyo. Nakusubiri. La sivyo nabandua alama, na mimi nina wakubwa wangu."

Kibiriti alizitazama zile herufi. Kisha akabandua alama kwa mkono wake mwenyewe, akaibandika kwenye mfuko wa shati la mkaguzi. Akalegeza skrubu, akaing'oa injini, akaitupa begani.

Shemeji akafuata nyuma na tenki la petroli, mdomo haushikiki. "Alishaondoka! Mtu ameshaondoka, wewe unamwita!"

"Nilikuwepo."

"Abiria utawavusha na nini? Na hasira?"

"Na makasia."

"Kwa mgongo huo?"

Kibiriti alisimama, akaigeuza injini ili nembo isisuguane na shingo yake.

"Shika vizuri hilo tenki, shemeji. Linamwagika."