Kaya Tulizoziruka

Ripoti yangu ilisema kijiji cha Endasak hakikupoteza mtoto hata mmoja kwa mwaka mzima. Kwa ripoti hiyo, gari la kliniki lililokuwa likija kila mwezi likaondolewa.

Niliiandika mimi, Bernadina, ofisa mipango wa wilaya, mwaka 2006. Nilikuwa nimetoka kozi ya tathmini, kichwa kimenivimba. Kabla yangu, miradi ilitathminiwa kwa soda na hotuba. Mimi nilichagua kaya kwa kura, nikaandaa dodoso, nikafundisha wadadisi wanne, wote vijana wetu Wairaqw. Kanuni ilikuwa fupi: kaya isiyofikika, chukua ya jirani.

Bosi wangu alinisifu mbele ya watu. "Sasa tunaamua kwa ushahidi," alisema, akalipeleka gari tarafa nyingine. Nami nikapiga makofi, mjinga mimi.

Wiki sita baadaye, nikipanga madodoso kabatini, niliona kaya kumi na moja zimebadilishwa. Nikamwita Gidion, aliyewaongoza wadadisi.

"Zilikuwa na msiba, dada. Za watoto. Tungeingiaje?"

Kwetu nyumba iliyofiwa hutengwa kwa miezi. Haiingiwi, na wenyewe hawaendi kwa watu. Nimelelewa na mwiko huo. Gidion alifanya kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyeandika kanuni nikasahau kwetu ni wapi.

Nilipanda pikipiki hadi Endasak, kaya ya kwanza kwenye orodha. Ilikuwa ya Judica, niliyesoma naye shule ya Nangwa. Alikuwa amekaa mlangoni peke yake. Nikasimama njiani, mbali, kama inavyotakiwa.

"Judica, pole."

"Bernadina? Vijana wako walipita. Waliniona, wakaenda kwa jirani, kwa Helena."

"Waliogopa kuingia."

"Nani aliwaambia waingie? Si wangeuliza kutoka hapo uliposimama? Masikio ninayo."

Machozi yalinitoka. Nikafungua dodoso, nikapaza sauti kuuliza swali nililolitunga mwenyewe: ndani ya mwaka mmoja uliopita, kuna mtoto aliyefariki katika kaya hii?

"Wawili," akajibu. "Alfredi alikufa kabla vijana wako hawajaja. Mdogo wake alianza kuharisha mwezi jana, wiki ile ya kliniki. Tukangoja gari. Hakuna aliyepita kutuambia limehama."